Kishikio cha Kaaka Domitira

Vijana wa karakana, kwanza mnisamehe mwandiko huu. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya Kabingo, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia, si kama yanavyotakiwa. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo kalamu niliyoizoea ni penseli ya seremala, ambayo huchongwa kwa kisu na haina haja ya kujua herufi kubwa inawekwa wapi. Mkikwama mahali, someni kwa sauti, huenda sikio likaelewa kilicholishinda jicho. Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mlipofika karakana, wiki nzima mlidhani mimi ni bubu, na mmoja wenu alinionyesha nyundo kwa ishara.

Nimestaafu. Chekeni, halafu tuendelee. Aliyestaafu kwa haki yake ni Afande Abdu, mwalimu wangu, ambaye mgongo wake umekataa kuinama tena. Msimamizi akaandaa sherehe, soda zikaletwa, na kwa kuwa mimi nami nilikuwa naondoka kwenda kukaa dukani kwa mjomba wangu Kikagate, akaona ni hasara kuagana mara mbili. Akasimama, akatutangaza wote wawili kuwa wastaafu baada ya utumishi mrefu na uliotukuka. Afande alipewa saa ya ukutani. Mimi nilipewa kitambaa cha kuifunikia, maana vilinunuliwa pamoja. Ndivyo nilivyokuwa mstaafu ambaye ndevu zake bado zinajifikiria kama zitoke au zisitoke.

Afande anasema mstaafu lazima awaachie maneno wanaobaki. Yeye macho yake hayaoni karibu, kwa hiyo kazi hiyo nayo akanipa mimi. Habari za vyeo sitaeleza, kwa sababu hatukuwa navyo: Afande alikuwa fundi mkuu, na mimi nilikuwa wale wengine wote.

Siku ya kwanza nilivuka daraja la Rwizi asubuhi nikitoka kwetu Nyamityobora kwenda Nyamitanga, nimevaa shati la Idi ambalo mama alilipiga pasi kana kwamba naenda kuoa. Nilitaraji kufundishwa kutengeneza makabati. Afande Abdu alikuwa mtu mnene, aliyewahi kuwa jeshini chini ya serikali ambayo pale kazini haikutajwa, na Kiswahili chake kilikuwa bado kimevaa buti. Aliniuliza jina. Nilijibu kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Akauliza tena, nikasema Twaha.

"Haya, Twaha," akasema. "Wewe mtu ya kelele mingi, naona. Chukua msasa."

Nikapewa kifuniko cha jeneza. Hapo nikajua kwamba karakana yetu ilitengeneza madawati, vitanda na majeneza, na pembeni, kwa msaada wa shirika moja, vishikio vya wazee. Kishikio, kwa atakayesoma barua hii bila kuwa fundi, ni mti au chuma kinachowekwa mahali mzee anapochuchumaa, anapoinuka au anapovuka kizingiti, ili ashike kitu badala ya kushika hewa. Yaani kwa mkono wa kulia tulikuwa tunauza majeneza, na kwa mkono wa kushoto tunawazuia wateja wasiyahitaji. Hakuna aliyeona ajabu. Msimamizi alituambia biashara nzuri haitegemei upande mmoja.

Vishikio vya mwanzo vilitoka Ulaya ndani ya sanduku. Vilikuwa vya chuma king'aacho, vimepindwa vizuri, kila kimoja na skrubu zake kwenye kifuko. Picha iliyokuja navyo ilionyesha bibi wa Kizungu anatabasamu karibu na choo cha kukalia, na ukuta nyuma yake una vigae. Sisi tulivipeleka Nakivale, kando ya ziwa, ambako kuta ni za fito na udongo na choo ni shimo. Cha kwanza tulikifunga kwa mzee mmoja, tukapeana mikono. Mzee akakishika, akajivuta, akainuka vizuri kabisa, kishikio kiko mkononi pamoja na kipande cha ukuta. Alitushukuru sana. Akauliza kama sasa anaweza kutembea nacho popote. Vilivyobaki vinafanya kazi nzuri mpaka leo katika ofisi za Mbarara, vinaanikiwa taulo.

Baada ya hapo Afande akasema tuache kuusumbua ukuta, tuiombe ardhi. Njia yake ndiyo mtakayoifuata, kwa hiyo naiandika polepole. Tafuteni nguzo mbili za mkaratusi, huo tunaouita kalitunsi, uliokauka vizuri. Ncha zitakazoingia ardhini zichomeni moto mpaka ziwe nyeusi, kisha zilazeni kwenye oili chafu ya gari, maana mchwa wa Nakivale wanakula kila kitu isipokuwa ahadi za ofisini. Shimo liingie mkono mpaka kwapani, na lisikaribie mdomo wa choo. Udongo wa pale huporomoka, na mzee hatafurahi kufika chini akiwa ameshikilia nguzo imara. Mti wa kulala uunganishe nguzo hizo mbili kwa tundu na ulimi, siyo kwa misumari peke yake. Pimamaji yetu iliibwa mapema, na badala yake Afande alitumia chupa ya soda yenye maji nusu, akailaza juu ya mti na kuifumbia jicho moja. Ilipima vizuri kuliko ile iliyoibwa, na hakuna aliyeitamani. Akimaliza, alikuwa ananing'inia juu ya mti kwa uzito wake wote, miguu ameikunja, anatazama mbele kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake.

"Ikibeba mimi," alikuwa anasema, "itabeba bibi na ng'ombe yake."

Ugumu ulikuwa kimo. Choo cha shimo mtu anachuchumaa, na kila mtu anachuchumaa kwa namna yake. Ili ujue mti ukae wapi, lazima umwone mzee akichuchumaa au umwulize. Sasa niambieni, nani kati yenu atasimama mbele ya mwanamke mwenye umri wa bibi yake amwulize anajisaidiaje? Mimi nilikuwa naona aibu hata kuomba maji ya kunywa. Tulipokuwa hatuulizi, tulipata tulichostahili. Kwetu Nyamityobora tulimfungia mzee mmoja wa duka la vitambaa kishikio kizuri sana, ila ili akishike ilibidi achuchumae ameelekea kibla, jambo lisilofaa chooni. Mzee hakusema neno. Alitupa chai, akatuombea dua, na akaendelea kuchuchumaa akikipa bega, kila siku, kama mtu aliyekosana na jirani. Tulikuja kujua kwa wajukuu zake. Tukang'oa, tukahamishia upande mwingine, naye akatupa chai tena, bado hajasema neno.

Kutoka hapo Afande akapata dawa. Alikuwa anachuchumaa mwenyewe uani, mtu mnene na kitambi chake, mbele ya mzee, anajifanya anashika mti ambao haupo, halafu anauliza, "Hivi?" Hapo aibu inamtoka mzee inahamia kwa Afande, ambaye hakuwa na mahali pa kuiweka. Wazee walikuwa wanacheka, kisha wanaanza kumsahihisha: pandisha kidogo, hapana, shusha, mkono huu unauma, mimi natumia huu. Mimi nasimama na penseli, natia alama.

Hivyo ndivyo tulivyompima Kaaka Domitira, na huyo ndiye niliyetaka kuwaeleza.

Kaaka ni neno la kumwitia bibi kule kwetu. Huyu alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, anaishi peke yake Nakivale. Zamani yeye na mumewe walikuwa na ng'ombe wengi. Wakahamishwa walikokuwa, kwa haraka, ng'ombe wakapotelea njiani, na mume akaja kuzikwa Nakivale. Kwa miaka nyumba yake haikuona tone la maziwa. Halafu akapata ng'ombe mmoja, mwekundu, akamwita Bihogo, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuondoka bila kusikia habari za Bihogo: alivyolala, alivyoamka, alivyomtazama daktari wa mifugo kwa dharau.

Alipokuwa msichana alikuwa anauza maziwa kwenye lango la kambi ya jeshi Mbarara, na Kiswahili chake alijifunzia hapohapo langoni. Kwa hiyo alijua Kiswahili cha kutoa amri tu. Kwa lugha ya kwao alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini na maneno ya heshima yasiyoisha. Akigeukia Kiswahili, alikuwa sajini meja. Siku ya kwanza alinitazama nikishuka kwenye lori la shirika akasema, "Wewe kuruta. Simama hapo. Nani alikutuma?" Nikageuka kumtazama Afande Abdu anisaidie. Afande, baada ya miaka yote ile ya uraia, alikuwa amebana visigino.

Mwanawe aliitwa Augustino, dereva wa pikapu, jirani yetu Nyamityobora. Si mtu mbaya, nawaomba mlikumbuke hilo. Mama yake alianguka chooni asubuhi moja ya mvua, akalala pale kwenye tope mpaka jirani alipopita akitafuta kuni. Augustino akaingiwa na hofu, na hofu ikamletea uamuzi: mama ahamie mjini, ng'ombe auzwe. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba. Mimi nakijua, nilikuwa nakipita nikienda msikitini. Kilikuwa na magunia ya makaa, matairi ya zamani, na dirisha lililokaribia ukuta wa jirani kiasi kwamba mjusi hakujua yuko nyumba gani. Kaaka alipelekwa kukiona. Alisema ni chumba kizuri sana kwa matairi.

Wakapatana, kama mama na mwana wanavyopatana wakiwa hawatazamani. Karakana ifunge kishikio. Akianguka tena, hata mara moja, anapanda pikapu bila mjadala na Bihogo anapelekwa mnadani. Kwa hiyo mnaelewa tulikuwa tunajenga nini. Msimamizi alidhani ni kishikio cha choo.

Tulikijenga vizuri. Afande alikuwa na sheria moja ambayo haikujadiliwa: mti utakaoshikwa na mzee usiwe na kibanzi hata kimoja. Alisema ngozi ya mzee ni karatasi. Nikapiga msasa kutwa, ule msasa wa majeneza, mpaka mti ukawa laini kama shavu la mtoto. Afande akaning'inia, haukutikisika. Kaaka akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi mwanzo, macho yamemlegea kidogo. Akasema, "Kazi ya raia. Lakini iko mzuri." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima, na hakuna nyingine iliyokuja kuipa nafasi.

Kuna jambo hakuna mtu atakayewaambia: kishikio kikishafungwa, hupata kazi nyingine kabla ya ile yake. Nimekuta kimefungiwa mbuzi, na mbuzi amekizunguka mpaka yeye ndiye anayehitaji kusaidiwa. Nimekuta kimeanikiwa nguo za familia nzima, na mzee mwenyewe anapita pembeni anashika ukuta, ili asizichafue. Kwa hiyo rudini mkague. Kukagua ni kazi, ingawa haitoi picha nzuri ya kupeleka kwa shirika.

Kwa Kaaka tulirudi mvua zilipoanza tena, na tukakuta pikapu ya Augustino uani. Godoro limeshapakiwa, na sanduku la bati juu yake. Kaaka alikuwa amekaa mlangoni, kifundo cha mkono kimevimba, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. Alikuwa ameteleza jana yake akijivuta kuinuka, na jirani akatuma habari mjini. Bihogo alikuwa amefungwa karibu na mti wa ua, anatafuna, hajui kwamba anajadiliwa.

Augustino hakutufokea. Ingekuwa afadhali. Alitukaribisha kwa adabu, akatuongoza mpaka chooni, akatuomba tuone kazi yetu imara. Alisema nguzo bila shaka zimelegea, kama alivyotabiri. Akaukamata mti kwa mikono miwili ili atuonyeshe unavyocheza.

Mti haukucheza. Mikono yake ndiyo iliyoondoka. Ilikimbia juu ya mti ule kama wafanyakazi saa ya kutoka ofisini, na Augustino akaishia kwa goti, na suruali yake safi ya mjini, palepale alipoangukia mama yake.

Afande akamwinua. Augustino alinusa viganja vyake, akanusa tena.

"Maama," akaita. "Hii ni nini?"

"Samli," Kaaka akajibu kutoka mlangoni. "Unafikiri nini?"

Nyie mliozaliwa mjini mtasema ni uzembe. Sikilizeni kwanza. Kwa watu wa ng'ombe, mti unaokaa nyumbani hupakwa samli. Vibuyu na vyombo vya mti vya maziwa, kigoda, fimbo ya mwenye nyumba, vyote hupakwa na kusuguliwa mpaka viwe vyeusi na ving'ae. Mti mkavu ndani ya nyumba unamwambia mgeni, kabla hujafungua mdomo, kwamba hapa hakuna maziwa. Kaaka alikuwa amekaa na miti mikavu kwa miaka. Sasa alikuwa na Bihogo, na samli yake mwenyewe, na karakana ikamletea mti mpya, laini, mzuri kuliko kitu chochote cha mti alichokuwa nacho. Mlitaka afanye nini? Alikuwa anaupaka kila asubuhi. Sisi tukaulainisha kwa msasa, yeye akaunenepesha kwa samli, na kwa ushirikiano huo tukamtengenezea mtego mzuri kuliko wote Nakivale. Wazee wengine wote walikuwa salama, kwa sababu hakuna aliyekipenda kishikio chetu kiasi hicho.

Afande alivua kofia, akamwomba Kaaka kwa upole aache kuupaka, na mambo yatakwisha hapo.

"Nani ametoa hiyo amri?" Kaaka akauliza.

"Mimi, Kaaka."

"Wewe iko na ng'ombe?"

"Hapana, Kaaka."

"Basi nyamaza."

Kisha akamgeukia mwanawe, akaacha Kiswahili. Aliongea polepole, kwa ile sauti yake ya chini. Alisema siku alizokuwa hana kitu, wageni walikuja, wakaona vyombo vyake vimepasuka kwa ukavu, wakatazama pembeni na kusifu hali ya hewa. Walikuwa watu wema. Alisema hataki tena watu wema watazame pembeni nyumbani kwake. Akae hapa na mti unaong'aa, au apelekwe huko kwenye matairi, lakini mti mkavu hapana.

Augustino alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaelewa. Akasema mtu aliyevunjika nyonga hang'ai, hata apakwe nini. Sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mama yake, na sikuwahi kuisikia hivyo mtaani kwetu, ambako alijulikana kwa honi. Alimalizia kwa Kiswahili, labda ili tuwe mashahidi.

"Maama, tulipatana. Umeanguka."

"Na wewe umeanguka," Kaaka akasema. "Panda pikapu. Tutakaa wote na matairi."

Afande akatazama buti zake. Mimi nilikuwa na penseli sikioni, na nilikuwa na wazo pia, kwamba mti laini ung'olewe, uletwe wenye maganda. Wazo lilipanda mpaka kooni likakaa hapo. Ndiyo tabia ya mawazo yangu.

Kaaka akainuka kwa kushika mwimo wa mlango. Akamwendea Bihogo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Pale kwenye mti wa ua ilining'inia kamba fupi, ile ya kumfungia ng'ombe miguu ya nyuma anapokamuliwa. Aliisuka mwenyewe kwa nyuzi za magome, na matumizi yalikuwa yameifanya ngumu na yenye kukwaruza. Akarudi nayo.

"Kuruta," akaniambia. "Lete majivu. Sugua."

Nikaleta majivu kutoka jikoni, nikausugua mti wa kulala mpaka samli ikatoka, samli ya asubuhi nyingi, na ilikuwa kama kumvua mtu nguo mbele ya wanawe. Kaaka alitazama upande wa ziwa wakati nasugua. Kisha akanipa ncha ya kamba nishike, akaanza kuizungusha kwenye mti, mzunguko ukigusa mzunguko, mkono mzima unavuta na ule uliovimba unaelekeza. Alipochoka alisema kaza, nikakaza. Kamba haikufika mwisho, ikabidi Augustino atoe ile ya kufungia mizigo kwenye pikapu. Aliitoa bila kuulizwa.

Kaaka alieleza, kwa amri fupifupi, kwamba kamba haipakwi samli, hata mpumbavu anajua hilo. Lakini nguzo mbili za pembeni ni zake, zitang'aa, na hataki kusikia neno. Hakusikia neno.

Afande akaning'inia. Halafu Kaaka akamwamuru mwanawe achuchumae ajivute, na mikono yake ilikuwa bado na mafuta. Akachuchumaa, akajivuta, akainuka. Akaamriwa kurudia. Mara ya pili alikaa kulekule chini kidogo, ameishika ile kamba kwa mikono miwili, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa majani. Afande na mimi tukakumbuka kwamba hatujakagua mlango wa choo, tukaukagua kwa makini sana.

"Na ng'ombe kesho utamfunga na nini?" Augustino akauliza alipoinuka.

"Bihogo iko na adabu," mama yake akasema. "Si kama wewe."

Tulimsaidia kushusha godoro. Pikapu ikarudi Mbarara tupu, bila honi, na mtaani wakasema Augustino anaumwa.

Tangu hapo karakana ina sheria mbili. Mti wa kulala huachwa na maganda yake, au huzungushwa kamba, na mwenye nyumba ndiye anayezungusha. Msimamizi aliliita jambo hilo ubunifu wa idara, na idara ilikuwa Afande na mimi. Sheria ya pili haikuandikwa ukutani, kwa hiyo ichukueni hapa: kabla hamjafunga, muulizeni mwenye nyumba mti huu atautunzaje. Kama mna haya kama mimi, chuchumaeni kwanza. Maneno yatafuata.

Kabla sijaondoka kwenda Kikagate nilimfuata Kaaka kuaga. Alikuwa chooni, kwa hiyo nilisubiri uani nikitazamana na Bihogo, ambaye kweli hanifikirii chochote. Nikasikia kamba ikilalamika kidogo chini ya uzito, halafu kimya, halafu hatua zake. Akatokea kwenye mlango, amesimama wima, hajashika kitu.

Nikamwambia nimestaafu. Alinitazama kuanzia viatu.

"Nani alikupa ruhusa?"

Nikasema msimamizi.

"Kuruta hastaafu. Kuruta anatoroka." Akanipa maziwa, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Akauliza nani sasa atakuja kukagua. Nikawaeleza ninyi, mmojammoja, nikawasifu zaidi ya mnavyostahili. Akasema mje, lakini mnawe.

Sasa ombi langu. Niandikieni. Dukani kwa mjomba hakuna wa kuzungumza naye isipokuwa wateja, na wateja wananitisha. Barua mpeni dereva yeyote anayepakia mizigo ya Kikagate, aniulizie dukani. Habari za nani amekuwa fundi mkuu mnaweza kuziacha, na salamu za msimamizi nitazikisia. Nendeni kwa Kaaka Domitira. Kamba ikilegea, mshikieni, naye atawaambia mkaze. Kisha, asipowatazama, pitisheni kidole kwenye zile nguzo mbili za pembeni. Kidole kikitoka na mafuta, niandikieni mkipata nafasi, hata mstari mmoja. Kikitoka kikavu, niandikieni siku hiyohiyo, nami nitafunga duka nije, na mmwambie Augustino asilete pikapu kabla sijafika.